Fuata nyayo za kondoo: ule mstari wa Wimbo Ulio Bora una maana gani hasa

Kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa kanisani ambalo mimi ni mmoja wa walezi, juzi dada mmoja aliandika meseji ndefu saa sita usiku, akaimalizia na swali: nitajuaje Mungu anataka niende wapi, na wa kwangu nitampata wapi, maana nimeomba, nimefunga, nimekesha na miaka inaenda. Haikupita dakika mtu akamtupia mstari, Wimbo Ulio Bora 1:8, fuata nyayo za kondoo. Basi asubuhi grupu likawa soko. Mmoja anasema kondoo ni waumini kwahiyo maana yake usiolewe nje ya dhehebu lako. Mwingine anasema hapana, malizia mstari, si unaona pameandikwa hema za wachungaji, kwahiyo nenda kwenye mkutano ukaombewe na mtumishi akuone kwa unabii, na ndani ya lisaa limoja tayari kuna mtu kaweka namba ya kutumia sadaka. Wa tatu akasema hicho kitabu ni cha waliooa, vijana wakiache. Na dada mwenyewe akaandika neno moja tu, "sijaelewa", akanyamaza.

Hiyo "sijaelewa" ndo imenikalisha hapa. Mstari ule ni mzuri mno kuuachia ugeuke fimbo ya kuchapia watu au mtego wa sadaka, na mi naamini kabisa swali la huyo dada lina jibu pale pale, ila sio jibu la aina tuliyozoea kulisubiri.

Kwanza tujue tunasoma kitu gani

Wimbo Ulio Bora kwa Kiebrania unaitwa Shir ha-Shirim, wimbo wa nyimbo. Waebrania walikuwa wakirudia neno namna hiyo wakitaka kusema kitu kimevipita vyote vya aina yake, kama patakatifu pa patakatifu. Ni sura 8 tu, mistari 117, unaumaliza ukiwa kwenye foleni ya benki. Ndani yake kuna mwanamke na mwanamume wanaopendana, na anayeongea zaidi ni mwanamke. Kuna na kundi la mabinti wa Yerusalemu ambao wanaingilia ingilia maongezi kama mashoga zake.

Ugumu wa kwanza unaanzia hapo kwenye nani anaongea. Kiebrania kina "wewe" ya mwanamume na "wewe" ya mwanamke, ni maneno mawili tofauti, kwahiyo msomaji wa kwao akisikia tu anajua huyu anamwambia nani. Kiswahili chetu hakina hiyo. "Nakupenda" anaweza kusema yeyote kwa yeyote. Ndo maana ukisoma Wimbo kwa Kiswahili bila kusimama unajikuta katikati ya mstari hujui tena kama ni kaka au ni dada, na watu wengi wanakiacha kitabu pale wakidhani hawana akili ya kiroho, kumbe ni sarufi tu.

Ugumu wa pili ni ushairi wenyewe. Sisi tukisikia shairi masikio yanasubiri vina na mizani, kituo kigonge pale pale. Mashairi ya Kiebrania hayaendi hivyo, kinachofanana pale si sauti bali ni wazo. Mshairi anasema kitu, halafu anakisema tena amekigeuza kidogo, na mstari wa pili unauegemea wa kwanza kama mtu na kivuli chake. Mwingereza mmoja, Robert Lowth, alichapisha mwaka 1753 mihadhara aliyotoa Oxford na ndo iliyofanya wasomaji wengi wa Ulaya waanze kuuona mtindo huu, wakauita usambamba. We uweke tu kichwani hivi: mistari miwili, wazo moja, wa pili unakufungulia wa kwanza. Tutauhitaji baadae kidogo.

Jibu tutakalolifikia linapitia kwenye kazi, na nikisema kazi humu simaanishi ajira ya ofisini yenye mkataba. Namaanisha kile ambacho leo asubuhi ukiamka kipo mkononi mwako na kikiachwa kitaharibika, iwe ni genge, mgonjwa, darasa la watoto wa watu, mashine ya kushonea au mbuzi.

Dada wa kwenye Wimbo alikuwa nani

Rudi nyuma mistari mitatu, uanzie 1:5, maana watu wanaurukia wa 8 kama vile umedondoka toka mbinguni peke yake. Kuna dada amesimama mbele ya mabinti wa mjini na wanamwangalia. Anawaambia, mimi ni mweusi-mweusi lakini ninao uzuri, msinichunguze, ni jua ndo limeniunguza. Halafu anatoa sababu: wana wa mama yangu walinikasirikia wakaniweka nilinde mashamba ya mizabibu, na shamba langu mimi mwenyewe sikulilinda.

Hapo kwenye weusi pameumiza watu wengi. Ile "lakini" ya Kiswahili, kama tunavyoisoma kwenye Union Version, kwa Kiebrania ni herufi moja tu inayobandikwa mwanzo wa neno, na herufi hiyo inaweza kuwa "na" na inaweza kuwa "lakini". Watafsiri wa Kigiriki wa zamani waliandika mweusi na mzuri. Kilatini kikaandika mweusi lakini mzuri, na hiyo ndo ikatembea dunia nzima. Mi nasoma "na". Tena anajilinganisha na hema za Kedari, hao ni watu wa jangwani ambao jina lao lenyewe linasikika kama giza kwa Kiebrania, na hema za namna ile zilifumwa kwa singa nyeusi za mbuzi. Na mstari unaofuata unasema wazi weusi huu umetokana na jua la shambani, sio laana na sio kasoro ya kuzaliwa.

Hili jua nalijua. Mi nimekulia Mpunguzi, njia ya Iringa ukitoka Dodoma mjini, na kwetu kuna vitu viwili ambavyo hili shairi limejaa navyo, zabibu na mbuzi. Shangazi yangu misimu mingi alikuwa anaamia ndege kwenye shamba la zabibu la mtu, yaani anashinda humo toka alfajiri na debe na kombeo anafukuza ndege wasimalize matunda, na zabibu kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwahiyo haikuwa kazi ya siku mbili tatu. Alikuwa akikunja mkono kunywa maji unaona rangi mbili, nje ya mkono nyeusi ti na kwenye kiwiko kwa ndani rangi yake ya kuzaliwa. Nikisoma "jua limeniunguza" naona ule mkono.

Na shangazi alikuwa na vishina vyake arobaini hivi vya zabibu nyuma ya nyumba, havikupogolewa kwa wakati hata msimu mmoja ninaoukumbuka, majani yamefunika kila kitu na matunda ni punje punje za kuwapa kuku. Wakati huo mtu anayelindiwa shamba lake anajaza trekta.

Kwahiyo huyu dada wa kwenye Wimbo sio binti wa mfalme anayesubiri kwenye dirisha. Ni mfanyakazi, amechoka, na kwenye familia yake hajatendewa haki. Hilo mlishike, nitalirudia.

Swali la adhuhuri

Mstari wa 7 anaacha kuongea na mabinti, anamgeukia mpenzi wake ambaye wala hayupo pale. Anauliza: niambie wewe ambaye nafsi yangu inakupenda, unalisha wapi, unawalaza wapi adhuhuri? Uone ule usambamba. Unalisha wapi, hilo ni pori lote. Unalaza wapi adhuhuri, sasa amebana, anataka saa na kivuli. Aliyechunga anajua kwanini adhuhuri. Asubuhi mchungaji hana muda na mtu, mifugo inatembea, akigeuka kidogo ishaingia mashamba ya watu. Jua likisimama utosini wanyama wenyewe wanatafuta mti au maji wanalala wanacheua, na hapo ndo mchungaji anakaa chini, anatoa kibuyu, anaweza kuongea. Dada anauliza saa ambayo mtu wake anapatikana.

Halafu anasema kinachomuogopesha: mbona niwe kama ajifunikaye shela karibu na makundi ya wenzako. Neno lile la Kiebrania ni gumu, wengine wamelitafsiri kama anayetangatanga. Kwa vyovyote aibu ni ile ile. Mwanamke kajifunika anazunguka kwenye makundi ya wanaume porini watamfikiria vibaya, kama Yuda alivyomfikiria Tamari kwenye Mwanzo 38. Hataki kuwa mtu wa kuzunguka kila kundi akiulizia, yuko huku, yuko kule. Mtu aliyewahi kuhama makanisa matatu kwa mwaka mmoja akitafuta neno la maisha yake na mtu wa maisha yake anajua hilo shela linavyokera usoni.

Sasa jibu. Mstari wa 8, kwa maneno yangu: kama hujui, ewe uliye mzuri kuliko wanawake, toka uende ukafuate nyayo za kundi, uwalishe wana-mbuzi wako karibu na hema za wachungaji.

Basi. Hakuna jina la kijiji, hakuna ndoto, hakuna nyota. Wasomaji hawajakubaliana hata ni nani anayejibu, kama ni mpenzi mwenyewe au ni mabinti. Nakumbuka niliposoma mara ya kwanza kwa makini nilisikia kama amefukuzwa kistaarabu. Kauliza wapi, kaambiwa nenda kachunge!

Ila sasa tumia ule ufunguo. Mistari miwili, wazo moja. Fuata nyayo, lisha wana-mbuzi. Sio amri mbili, kwamba kwanza kamtafute halafu ukipata muda ulishe. Kufuata kwenyewe kunafanyika kwa kulisha. Akiwatoa wana-mbuzi wake asubuhi, njia watakayopita kufika kwenye majani ndo njia ile ile kundi la mpenzi wake limepita. Kazi yake na kutafuta kwake vinakuwa mwendo mmoja.

Na angalia ni wana-mbuzi *wako*. Mstari wa 6 alikuwa analinda mizabibu ya ndugu zake na kulia kwamba cha kwake hakijalindwa. Mstari wa 8 anaambiwa achukue vyake. Hajaambiwa arudi kwa ndugu zake akavumilie.

Alafu ni wana-mbuzi, sio mbuzi wakubwa. Kwetu mbuzi wakubwa wanaenda mbali na vijana, wale wadogo wanabaki karibu na boma wanajifunza kula, mtoto wa miaka 7 anawaangalia. Hawafiki mbali, ukiwapeleka mbali watakufia. Kwahiyo kazi aliyopewa ni ndogo, na inafanyika karibu na watu, pale kwenye hema za wazoefu. Haendi peke yake jangwani kutafuta upendo. Anaenda mahali penye moto unaowaka na wazee wanaojua maji yako wapi.

Nyayo zenyewe zinafanyaje kazi

Tuliachiwa mbuzi mimi na binamu yangu na siku ya pili tu tukawapoteza, tukalala chini ya mbuyu tukaamka hakuna kitu. Babu hakutugombeza sana, alitupeleka mpaka kwenye mchanga wa korongo akachuchumaa. Wayo wa mbuzi ni kama punje mbili za maharage zimelazwa sambamba, ncha zinaangalia anakokwenda. Akatuonyesha mmoja, akasema huu haukuambii kitu, mbuzi mmoja anaweza kugeuka kufuata jani. Halafu akanyanyua macho akatuonyesha mchanga wote wa mbele umechimbika upande mmoja, akabonyeza kinyesi kwa kidole, bado kibichi, akasema twende. Hatukuwaona mbuzi kwa karibu saa nzima ila hatukuwa tumepotea hata dakika moja.

Hiyo ni tofauti kubwa sana na ramani. Ramani inakuonyesha mwisho kabla hujaanza. Nyayo zinakuonyesha hatua mbili tatu za mbele tu, na zinaonekana tu kama unatembea umeinamisha kichwa ukiangalia chini, hapo ulipo. Wengi wetu tunapoomba mwongozo tunaomba ramani, tena ile ya kwenye simu yenye sauti inayosema pinda kushoto, kwahiyo tukipewa nyayo tunaona kama Mungu hajajibu.

Neno la nyayo pale kwa Kiebrania ni visigino, ndo neno lililozaa jina la Yakobo aliyezaliwa kashika kisigino cha kaka yake. Na ni nyayo za kundi. Wakenya mkisikia fuata nyayo mnakumbuka enzi za Moi kuanzia 1978, kumfuata aliyetangulia, kiongozi. Hapa sio hivyo. Dada kauliza alipo mchungaji, kaambiwa afuate alama za mifugo, alama za kazi ya kila siku ambayo mchungaji ameifanya na wenzake wameifanya, jana na juzi, mpaka ardhi ikashika.

Sasa turudi kwa wale wa hema za wachungaji. Kiswahili chetu kimeliweka neno moja kwa mtu wa mbuzi na mtu wa madhabahu, kwahiyo ukisoma haraka na umeshawahi kuona mkutano wa injili chini ya turubai kubwa, lazima akili iende huko. Ila pale ni watu wa mifugo kweli kweli, wana harufu ya maziwa. Ndiyo Biblia mahali pengine inawaita viongozi wachungaji, Ezekieli 34 kwa mfano, na humo Mungu anawakemea wale wanaojilisha wenyewe badala ya kuwalisha kondoo. Na hata ukitaka kulazimisha kwamba ni watumishi, mstari haujasema ingia hemani ulishwe, wala ulipie, umesema walishe wana-mbuzi wako *karibu na* hema. Anayelisha ni yeye.

Wengine wamelisoma hilo jibu tofauti na inafaa mjue. Ile "kama hujui" kwa Kiebrania ina kaneno kadogo ambako Kigiriki na Kilatini wamekachukulia kama "mwenyewe", ikawa "kama hujijui". Kwahiyo wahubiri wa karne nyingi wamehubiri kujitambua kutoka hapo. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, alianza mwaka 1135 kuuhubiri Wimbo kwa watawa wenzake na mpaka anakufa mwaka 1153 alikuwa ametoa mahubiri 86 na ndo kwanza ameingia sura ya 3. Miaka 18! Na Wayahudi wanausoma wakati wa Pasaka, kwao ni upendo wa Mungu na Israeli. Rabi Akiva aliyeishi karne ya kwanza na ya pili alisema maandiko yote ni matakatifu lakini Wimbo huu ni patakatifu pa patakatifu. Masimulizi yao yanasema huyo Akiva alikuwa mchunga mifugo wa tajiri mmoja, na binti wa tajiri alimpenda kwa kumwona pale pale kazini, kwa unyenyekevu wake, kabla hajajua hata kusoma.

Watu wanagombana kama ni mapenzi ya mtu na mtu au ya Mungu na watu wake. Mi sioni haja ya kufukuza moja. Shairi ni la mwanamke na mwanamume wenye miili, na kwasababu ni la kweli huko chini ndo maana limeweza kubeba na yale ya juu. Kwahiyo na yule aliyesema ni kitabu cha waliooa, kuna mistari ya chumbani ndiyo, ila hawa wawili kwa sehemu kubwa wanatafutana.

Yale yanayopotoshwa

La kwanza ni kuugeuza huu mstari mkataba: tumika kwa uaminifu, fagia kanisa, imba kwaya, Mungu atakulipa mume. Nimeona wadada wanatumikishwa miaka kwa ahadi hiyo. Soma tena, mstari haujasema utampata. Haujasema kabisa. Na sura ya 3 bado dada anatafuta, usiku, mjini. Kazi sio bei ya upendo. Zaburi ya 127 inasema ni bure kuamka mapema na kukawia kulala na kula mkate wa taabu, maana Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Neno la mpenzi pale ndo lile lililomo kwenye jina Yedidia, alilopewa Sulemani alipozaliwa, kabla hajafanya kazi hata moja. Na wapo waliotembea na Mungu vizuri wasipewe ndoa, Yeremia aliambiwa moja kwa moja asioe. Kwahiyo aliye peke yake na mbuzi wake wanashiba hajakosea njia.

La pili ni kuchanganya uaminifu na kunyonywa. Hapa ndo nilisema nitarudi. Ndugu zake walimweka shambani kwa hasira, na shairi halijawasifu, limeweka malalamiko yake mbele ya watu wote yasikike. Dada anayelea wadogo zake wote mpaka anasahau maisha yake, kijana anayeshinda dukani kwa mjomba miaka 8 bila mshahara anaambiwa vumilia utabarikiwa, hao wako kwenye mstari wa 6, hawajafika wa 8. Kuwaambia mstari wa 6 ndo mapenzi ya Mungu ni dhambi, nasema hivyo bila kupunguza.

Na Mithali 31, ile ya mke mwema, ambayo kwenye kicheni pati inasomwa kama fomu ya usaili, bibi harusi kainamisha kichwa anahesabu asivyonavyo. Lile ni shairi la sifa, mistari 22 kwa herufi 22 za Kiebrania, kila mstari na herufi yake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na nyumba nyingi za Kiyahudi linaimbwa Ijumaa jioni mume akimsifia mke wake. Linaimbwa kwake, halisomwi juu yake. Mstari wa 16 anaangalia shamba, analinunua, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Mizabibu yake. Na mstari wa mwisho unasema apewe mapato ya mikono yake.

Lakini mtindo wenyewe upo na upo Biblia nzima, kwamba watu wanakutwa wakiwa kazini. Raheli, ambaye jina lake maana yake kondoo jike, anafika kisimani na kondoo za baba yake na Yakobo yuko pale. Sauli alikuwa anatafuta punda waliopotea, akamkuta Samweli na mafuta ya ufalme. Ruthu aliokota masazo ya shayiri mpaka jioni akapura akapata kama efa moja, kipimo cha zamani cha nafaka, na kitabu kinasema tu bahati yake ilimfikisha kwenye shamba la Boazi, yeye hakujua ni la nani. Hakuna hata mmoja kati yao alitoka nyumbani asubuhi ile akitafuta kile alichokipata.

Mizabibu inavyoishia

Kuna neno kwenye 2:12 napenda kulionyesha kila nikipata nafasi. Mpenzi anamwita dada atoke, masika yamepita, maua yanaonekana, na wakati wa *zamir* umefika. Zamir ni kuimba, na zamir ni kupogoa mizabibu. Neno moja. Kuna kibamba cha mawe kilichochimbuliwa Gezeri, mji wa kale wa Israeli, mwaka 1908, cha karne ya 10 hivi kabla ya Kristo, kimeandikwa kazi za shambani mwezi kwa mwezi, na miezi miwili imeandikwa ni ya kupogoa kwa shina la neno hilo hilo. Biblia moja itakuandikia kuimba, nyingine itakuandikia kupogoa, na watu wanadhani moja imekosea, wakati mshairi huenda alivitaka vyote viwili visikike kwa pamoja.

Na sura ya 7 dada anamwambia mpenzi wake waamke mapema waende mashamba ya mizabibu wakaone kama imechanua, *huko* nitakupa pambaja zangu, yaani makumbatio yangu. Huko shambani, kwenye jua lile lile.

Sasa nenda sura ya 8 mwishoni kabisa, ambako wengi hatufiki. Shamba la mizabibu la Sulemani linatajwa, amekodisha kwa walinzi, na dada anasema, Sulemani chukua elfu zako, na wanaolinda mia mbili zao, lakini shamba langu mimi, lililo langu mwenyewe, liko mbele yangu. Ni neno kwa neno lile alilolilia sura ya 1, na sasa analo.

Halafu mpenzi anaongea. Mwanzo kabisa dada ndo alikuwa anauliza uko wapi, na alikuwa anaona aibu aonekane akizunguka karibu na makundi ya wenzake. Sasa mpenzi ndo anaomba. Anamwambia, wewe ukaaye bustanini, wenzangu wanaisikiliza sauti yako, na mimi nisikie. Hao wenzake ni neno lile lile la 1:7.

Yule dada wa kwenye grupu nimemtumia haya yote kwa voisi tatu ndefu. Ana cherehani mbili na mafundi wanafunzi wanne nyumbani kwao, nilikuwa sijui. Amenijibu kwamba hajamaliza kusikiliza, ana sare za shule za kukata kabla ya Jumatatu, atamalizia akiwa anakata.